Fundi Pumzi, Aliyeogopa kwa Niaba Yetu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani, endesha taratibu. Leo tuna mtu wa kumkumbuka, na mtu mwenyewe hakupenda haraka.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, alifariki fundi wa magari ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Pumzi. Alikuwa na miaka sitini na saba. Ameacha mke na mabinti wawili. Alifanya kazi moja kwa miaka arobaini na minne, na kazi hiyo ilikuwa kutafuta mahali oili inapovujia kwenye magari ya zamani.

Najua utaniambia, oili kuvuja, hilo nalo ni jambo? Gari likizeeka linadondosha. Tunaweka boksi chini, tunaongeza oili, maisha yanaendelea. Fundi Pumzi hakuwa hivyo. Tone moja la oili lilimkosesha raha. Akiliona sakafuni alichuchumaa, akaligusa kwa kidole, akalinusa, kisha akanyanyua macho kumtazama mwenye gari kama daktari anayetafuta namna ya kuanza kusema. Watu walimwita mwoga. Naye hakukataa. Alisema, ndiyo, mimi ni mwoga, lete ufunguo.

Nimezungumza na mjane wake. Nimezungumza na binti yake mkubwa. Nimezungumza pia na dereva mmoja mstaafu, na huyo mtamsikia baadaye. Wote watatu waliniambia jambo moja: ukitaka kumwelewa yule mzee, elewa hofu yake.

Alianza kazi kwa mjomba wake akiwa na miaka ishirini na mitatu. Gereji ya mjomba ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati, shimo moja la kukagulia magari, na benchi la chuma lililoloa oili mpaka likawa jeusi. Mkono wa kushoto wa mjomba ulikuwa na kovu kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyoloa ikakaushwa. Mjomba hakuwahi kusimulia alivyoungua. Alisema tu, oili ikiwa sakafuni ni uchafu, ikiwa juu ya ekzosi ni moto. Kijana alilisikia neno lile kila siku, na kila akilisikia aliutazama ule mkono.

Mwaka wake wa kwanza, fundi cherehani mmoja alileta gari linalovuja oili juu ya injini, kwenye kifuniko cha tapeti. Kijana akabadilisha gasketi, kile kipande cha kuziba maungio. Baada ya wiki gari likarudi, linavuja palepale. Akabadilisha tena. Likarudi. Mara ya tatu akapaka gundi nyingi hata kile kifuniko kikaonekana kama keki. Likarudi, na safari hii linavuja sehemu mbili.

Hapo mjomba akainuka kitini. Akamwambia awashe injini, afungue kifuniko cha kutilia oili, aweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Kijana akainama kuweka. Karatasi ikaruka, ikamganda katikati ya paji la uso, na oili yake. Gereji nzima ilicheka. Mjomba peke yake hakucheka.

"Unafuta jasho," alimwambia. "Homa huioni."

Wasikilizaji wapendwa, wacha niieleze homa hiyo kama nilivyoelezwa mimi nisiye fundi. Petroli inapoungua ndani ya silinda, hewa kidogo ya moto hupenya pembeni ya pistoni ikashuka chini, kule oili inakokaa. Hewa hiyo lazima itoke. Njia yake ni bomba dogo la mpira ambalo mafundi huliita briza. Briza ikiziba kwa masizi na ute mweusi, hewa inakosa pa kutokea, nayo haikai kimya. Inasukuma. Inasukuma gasketi, inasukuma sili za mpira, inarusha hata kile kijiti cha kupimia oili. Panapolegea ndipo oili inapochuruzika. Wewe unabadilisha gasketi, kumbe gasketi haina kosa. Narudia, maana ndiyo mkasa wote wa leo: briza ikiziba, oili hutafuta pa kutokea.

Briza ya gari la fundi cherehani ilitoka na uchafu mzito kama lami. Kijana akaiosha kwa petroli, akairudisha. Gari halikuvuja tena. Tangu siku hiyo kila mteja aliambiwa kwamba injini nayo hupumua, mpaka watu wakampa jina. Fundi Pumzi.

Sasa tuje kwenye Alhamisi moja ambayo hakuisahau.

Ni miaka kumi na tisa iliyopita. Mjomba alishafariki, na gereji ilikuwa ya Fundi Pumzi mwenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na minane, jina lake limeshavuma. Siku hiyo alikuwa anashughulikia gari refu la safu tatu za viti, la zamani sana, la yule dereva niliyewatajia. Dereva huyu alikuwa akiwabeba wagonjwa kati ya mji na kliniki ya macho iliyo upande wa pili wa mlima.

Gari lilikuwa linavuja. Fundi aliiosha injini kwanza, kama alivyozoea, kwa sababu huwezi kufuatilia tone kwenye uchafu wa miaka kumi. Kisha akafanya kipimo chake. Alichomoa mpira wa briza, akasokota kitambaa, akauziba kwa ndani kama kizibo cha chupa. Akapuliza hewa kidogo kupitia tundu la kijiti cha oili, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, akatafuta mapovu. Mapovu yakatokea kwenye kona ya nyuma ya kifuniko cha tapeti. Gasketi ilikuwa imekauka na kupasuka. Safari hii kosa lilikuwa la gasketi kweli. Akaibadilisha, akafunga vizuri.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe. Alimwambia upasuaji wa mama umekwenda salama, na mama atarudi leo hii jioni na lile gari linalobeba wagonjwa. Mama huyo ni mama mkwe wa fundi, aliyekwenda kutolewa mtoto wa jicho. Mjane aliniambia kwamba mumewe alicheka kwa furaha kwenye simu, na yeye hakuwa mtu wa kucheka kazini.

Akarudi kwenye gari na furaha yake. Akaona mpira wa briza unaning'inia. Akaurudisha mahali pake. Kitambaa kikiwa ndani.

Saa saba mchana dereva akachukua gari lake, akaondoka.

Saa kumi kasoro dakika kumi fundi alikuwa anapanga vyombo. Vitambaa vyake vya kuzibia alikuwa amevichana kutoka kwenye shati moja kuukuu lenye mistari ya njano, na vilikuwa vinne. Benchini palikuwa na vitatu. Alitazama chini ya benchi. Akapapasa mifuko. Akamwaga pipa la taka sakafuni, akapekua kwa mikono. Halafu, alivyomsimulia mkewe, akakaa chini palepale kwenye taka. Alikuwa amekumbuka.

Wasikilizaji wapendwa, tufikiri naye. Injini ile ilikuwa na njia moja tu ya kupumua, na yeye ameiziba. Wakati wa kwenda gari lilikuwa tupu, na mlima upande wa huku ni mfupi, kisha ni mteremko mrefu. Injini haikukazana, hewa haikuwa nyingi. Lakini kurudi ni kupanda, na gari limejaa. Limejaa wazee wanne, kila mmoja jicho moja limefungwa bandeji na la pili bado lina ukungu. Watu wanne ambao hata mlango wa gari hawauoni.

Na mmoja wao ni mama mkwe.

Alimpigia dereva. Simu haikupatikana, na huko mlimani haipatikani hata leo. Akachukua mtungi wa kuzimia moto ukutani, akautupa kwenye pikapu yake, akaondoka bila kufunga gereji. Binti yake mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa anatoka shule akamwona anapita. Anasema baba yake alimtazama moja kwa moja usoni na hakumwona. "Sikuwahi kujua mtu mzima anaweza kuwa na uso ule," aliniambia. "Nilikimbia nyumbani nikamwambia mama, baba amepatwa na kitu."

Alipanda mlima upande wa huku. Alisema baadaye kwamba kila kona aliyoikaribia alitamani isiishe, maana hakujua baada yake ataona nini. Akafika kileleni. Hakuona kitu. Akaanza kushuka upande wa pili. Kona ya kwanza, hakuna. Kona ya pili, akaanza kujifariji, labda wamechelewa kuondoka. Kabla ya kona ya tatu akaona moshi juu ya majani ya kando ya barabara. Ulikuwa wa buluu, unapanda taratibu.

Tumwache fundi hapo kidogo, tuingie ndani ya lile gari. Dereva mstaafu alinisimulia. Sasa ana miaka sabini na mbili na sauti yake bado hushuka anapofika hapa. Anasema walipoanza kupanda, mama mkwe alisema kuna kitu kinaungua. Dereva akamjibu ni breki za lori lililopita. Baada ya muda mama akasema tena. Mzee mmoja aliyekaa mbele akamtania kwamba wamemfanyia upasuaji wa jicho, kumbe wamemtia pua mpya. Gari zima likacheka.

Mama hakucheka. Alisema, "Nimepika kwa kuni miaka hamsini. Moshi wa kuni naujua, moshi wa mafuta naujua. Simamisha gari, mwanangu."

Dereva akaegesha, akazima injini. Akashuka, akaona moshi unafuka pembeni mwa boneti, na oili inatiririka chini kama mtu amepindua ndoo. Akaweka mkono kwenye boneti ili aifungue aone.

Hapo ndipo pikapu ilipotokea kwenye kona.

"Usifungue," fundi alimwambia kabla hajashuka vizuri. "Ukifungua unaupa moto hewa. Watoe watu kwanza."

Wakaanza kuwatoa. Mzee wa mbele, huyo rahisi. Wa pili akatoka, wa tatu akatoka, kila mmoja ameshikwa mkono, anapapasa kwa mguu kuitafuta ardhi, anauliza kuna nini, na hakuna mwenye nafasi ya kumjibu. Nyuma kabisa, safu ya tatu, kwenye kona, amebaki mama mkwe. Mlango wa upande wake ulikuwa umekwama miaka mingi. Ilibidi mtu aingie ndani, atambae juu ya viti vya katikati. Chini ya boneti ilisikika sauti ndogo, kama kitambaa kinachanwa. Fundi aliijua. Moto ulikuwa umeshika.

Akaingia.

Sasa mjue kwamba miaka kumi na mitano ya ndoa, huyu bwana hakuwahi kukaa kiti kimoja na mama mkwe wake. Alimwamkia kutoka mlangoni, macho chini, akapokea chai yake, akaenda kuinywa nje. Leo anamshika kiunoni kwa mikono ya oili.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Mkweo, mama."

"Mbona unatetemeka?"

"Naogopa, mama."

Mama akamzungushia mikono shingoni. "Basi ogopa," alimwambia, "lakini usiache kunivuta."

Akamvuta. Dereva anasema walitoka wote wawili kwa mgongo, wakaangukia lami, na wakati huo rangi ya boneti imeshaanza kutoa malengelenge. Fundi akachukua mtungi. Hakufungua boneti. Akaingiza mdomo wa mtungi kwenye matundu ya mbele ya gari, akapuliza, akapuliza, mpaka mtungi ukaisha. Moto ukafa. Moshi mweupe ukabaki.

Wazee wanne walikaa kwenye ukingo wa barabara, kila mmoja ameshika bega la mwenzake. Hakuna aliyeumia. Narudia, wasikilizaji, hakuna aliyeumia.

Na hapa ndipo, kwa maoni yangu, palipokuwa pagumu kuliko moto. Dereva alikuwa anamshukuru. Alikuwa analia na kumshika mikono, anawaambia wazee kwamba gari ni la zamani, ndiyo hivyo, ajali haina kinga. Fundi angeweza kunyamaza. Nani angejua? Angerudi mjini shujaa, na wazee wanne wa kushuhudia.

Akasema, "Hii ilikuwa na kinga. Kinga nilikuwa mimi."

Akasubiri injini ipoe. Akafungua boneti, akachomoa mpira wa briza uliokuwa umeungua nusu, akaingiza bisibisi, akavuta kitambaa chenye mistari ya njano. Akakiweka kwenye kiganja cha dereva. Akaeleza kila kitu mbele ya wote: kipimo, simu, furaha, kusahau.

Dereva aliniambia alitaka kumpiga, na kilichomzuia ni kwamba yule mtu alikuwa amesimama amelegeza mikono, kama anasubiri apigwe. Hawakusemezana kwa mwezi mmoja. Fundi alimpa pikapu yake aendelee kubeba watu, akaitengeneza ile injini kwa wiki sita, na wiki hizo sita alikwenda kazini kwa miguu.

Mjane wake anasema huo ndio wakati aliomwogopea kweli. Hakuwa anakula. Alifunga boneti ya gari, akaifungua, akaifunga, akaifungua. Siku moja akamwambia mkewe kwamba anaacha ufundi, hafai.

Mkewe hakubishana naye. Alikwenda kumwambia mama yake.

Mama akaja gerejini asubuhi, jicho moja limeshafunguliwa, linaona. Akaketi juu ya tairi. Akamwambia mkwewe amwonyeshe hiyo briza, maana amepanda gari maisha yake yote na hakuwahi kujua kuna kitu kama hicho. Akamwonyesha. Mama akauchungulia mpira kwa jicho lake jipya kama mtu anayechungulia tundu la sindano. Kisha akamwambia maneno ambayo fundi aliyarudia mpaka uzeeni.

"Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile ulikosea kwa sababu ulifurahi ukasahau kuogopa. Usiache kazi. Ogopa vizuri."

Ogopa vizuri. Basi akaogopa vizuri miaka kumi na tisa. Gari likiingia kwake halikuguswa kabla hajalisikiliza. Kama injini inapiga mluzi, alijua kuna utando umechanika kwenye valvu ya briza. Akifungua boksi la kichungio cha hewa akakuta oili, alijua pumzi imezidi. Injini ikishaoshwa, aliinyunyizia poda ya mtoto, akaendesha kidogo, akatazama njia ya oili kwenye weupe, akiifuata kwenda juu, kwa sababu oili hushuka na upepo huirudisha nyuma, na unapoiona sipo ilipoanzia. Na akiziba mpira wowote, ufunguo wa gari hilo aliuvaa shingoni. Hakuuvua mpaka kitambaa kiwe mkononi mwake.

Wateja walinung'unika. Bwana harusi mmoja alikatalia pale gerejini na suti yake, anataka gari, fundi anasema bado anatafuta tone. Alikwenda kuoa kwa pikapu. Ndoa ipo mpaka leo, na mwenyewe alikuja mazishini akasimulia, watu wakacheka huku wanafuta machozi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Mwezi uliopita akalazwa. Binti yake mkubwa, ambaye sasa ndiye fundi wa gereji ile, alikaa naye kila siku. Anasema alimwona baba yake ametulia, na utulivu ule ukamtisha, kwa sababu hakuuzoea. Akamuuliza, baba, huogopi?

Akamjibu, "Ninaogopa yale ninayoweza kuyarekebisha. Hili si la kwangu."

Kisha akamuuliza kama gari la mwalimu mmoja, lililokuwa gerejini, limeshapimwa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote mnaotusikiliza, natoa pole kwa mjane. Mama, umeishi na mtu aliyerudi nyumbani na hofu za watu wengi, ukamtilia maji ya kuoga, ukamsikiliza. Pole sana. Pole kwa mabinti wote wawili. Pole kwa dereva wetu mstaafu, ambaye alilibeba jeneza la rafiki yake kwenye gari lilelile refu. Mwenyezi Mungu awape moyo wa kustahimili, na marehemu ampe mapumziko mema.

Nami niseme langu kabla muda haujaniishia. Gari langu linadondosha oili. Lina mwaka sasa. Kila asubuhi ninaliona lile doa, ninaliruka, ninakuja hapa kuwasalimu kwa sauti nzuri. Ninabeba wanangu ndani yake. Kila mmoja wetu ana jambo kama hilo, dogo, linalotoa ishara, nasi tumelizoea kwa sababu kuogopa kunachosha. Kesho asubuhi ninalipeleka kwa binti yake.

Kwa kawaida mtangazaji humwomba msikilizaji asiondoke. Leo nakuomba kinyume. Kama uko ndani ya gari, egesha mahali salama, uzime redio hii, usikilize injini yako.